Injini Iliyokunywa Maji

Watu wengi huamini kwamba gari la zamani huuawa na umri. Nimeishi na gari la zamani tangu nikiwa mtoto, na ninaamini jambo jingine: gari la zamani huuawa na haraka. Mtu husikia sauti asiyoielewa, hubadilisha kifaa cha kwanza kinachomjia akilini, fedha humwishia, kisha husema kwamba injini imechoka. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na sijaona mahali ambapo methali hiyo inafaa zaidi kuliko chini ya boneti.

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Carina E ya baba yangu. Magari ya aina hiyo yaliundwa Burnaston, Uingereza, katika kiwanda cha Toyota kilichoanza kazi mwaka 1992. La kwetu lina usukani upande wa kushoto, kwa sababu Rwanda tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Injini yake huitwa 4A-FE: lita 1.6, silinda 4, vali 16. Baba alilinunua likiwa tayari limetumika miaka mingi, na hajawahi kulipeleka gereji kwa jambo ambalo angeweza kulifanya mwenyewe uani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi. Baadaye macho yake yalipoanza kufifia, yeye akashika tochi na mimi nikashika spana.

Gari hilo si pambo. Mama huuza vitunguu na karoti. Alfajiri huenda kununua katika soko la Mahoko, kisha hushuka na mzigo hadi Gisenyi mjini, ambako wateja wake wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kutoka Goma. Karo yangu ilitoka katika vitunguu hivyo, na vitunguu hivyo vilisafiri katika buti ya Carina.

Nyumbani kwetu ni Nyundo, wilayani Rubavu. Juu kuna vilima, chini unapita mto Sebeya ukielekea Ziwa Kivu. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha na Sebeya ulivunja kingo zake. Katika nchi nzima watu zaidi ya 130 walipoteza maisha usiku ule, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Sisi tulikimbilia mlimani tukiwa wazima. Kulipokucha tulirudi na kukuta uwanja umejaa matope, ukuta wa jikoni umelala chini, na gari limeinamia upande wa mto, pua yake ikiwa ndani ya maji hadi juu ya taa.

Nataka kusema jambo moja kabla sijaendelea. Katika mtaa wetu wapo waliozika watoto wiki ile. Huwezi kulilia chuma mbele ya mtu anayemlilia mwanawe. Kwa hiyo siku zile hatukuzungumza juu ya gari. Tulibeba maji safi, tulichimba matope katika nyumba za majirani, tulikwenda misibani. Lakini usiku nilimsikia mama akimuuliza baba kwa sauti ya chini, "Sasa tutabeba na nini?" Baba hakumjibu.

Maji yalipopungua, jirani mmoja mwenye nia njema alichukua funguo ili ajaribu kama gari linawaka. Kabla hajafungua mlango tulisikia sauti kutoka barabarani: "Musiguse kontakti!" Alikuwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyefanya kazi ya umakanika mjini Goma kwa miaka mingi kabla ya kuhamia upande wetu. Kila mtu humwita Mzee tu. Kontakti ni lile tundu la ufunguo ambalo vitabu vyangu vya Kiswahili huliita swichi.

Mzee alimtuma mdogo wangu alete bomba la sindano lisilo na sindano. Alivuta hewa ndani, akaziba tundu kwa kidole, akaniambia nisukume. Nilisukuma, hewa ikajikunja. Kisha alivuta maji, akaziba tena. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote na hakuna kilichosogea.

"Umeona, binti yangu? Hewa inakubali kubanwa. Maji haikubali. Injini imekunywa maji. Ukiwasha, pisto inapanda, inakuta maji, haina pa kwenda. Kinachopinda ni biyeli."

Biyeli ni ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki. Ukipinda, mara nyingi mwenye gari la zamani anakuwa hana gari tena. Katika darasa la ngeli Mzee angepoteza alama kwa kusema "maji haikubali", lakini maneno yale yaliokoa injini yetu, na nimesoma sentensi nyingi zenye upatanisho sahihi ambazo hazijaokoa kitu.

Kazi tuliifanya uani kwa mpangilio, na mpangilio huo ningependa kila mwenye gari la zamani aujue.

Kwanza tulitoa nyaya za betri ili umeme usizunguke katika vitu vilivyolowa. Pili tulifungua boksi la filta ya hewa. Matope yalikuwa yamejaa hadi juu ya filta, na hiyo ndiyo dalili kwamba maji yalipata njia ya kuingia. Tatu tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda kupita alama ya juu na rangi yake ilikuwa kama ya chai ya maziwa. Oili haiongezeki yenyewe. Ikipanda, kuna mgeni ndani.

Nne tulifungua plagi zote nne. Kabla ya kuchomoa nyaya zake nilizifunga vitambaa vyenye namba, kwa kuwa injini hii huchoma kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2, na ukichanganya nyaya hizo utatafuta ugonjwa usiokuwapo. Kisha Mzee alinipa spana ndefu nizungushe krenki kwa mkono, taratibu, gia ikiwa huru. Silinda ya kwanza ilitoa hewa tu. Ya pili pia. Ya tatu ilirusha maji ya kahawia hadi kwenye kioo cha mbele. Baba alicheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Niliuliza kwa nini silinda moja tu. Mzee alieleza kwamba injini inapozimwa, kila silinda husimama mahali pake: nyingine vali zake zimefungwa kabisa, nyingine ya kuvutia hewa imebaki wazi. Maji yaliingia kwa ile iliyoacha mlango wazi. Tulitia oili kidogo katika kila silinda ili kuta zake zisishike kutu, maana kutu haingoji wiki. Ringi za pistoni zikishikana na ukuta wa silinda, ndipo kazi ya spana hugeuka kuwa kazi ya nyundo.

Tano tulimwaga oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini. Ulipolegezwa mfuniko wa karteri, yalitangulia maji ya matope, kisha ikafuata oili iliyochafuka. Tuliikinga yote katika dumu. Mto ulikuwa umetutendea vibaya, lakini hakuna aliyetaka kuulipiza kwa kuumwagia oili, kwa kuwa walio chini yetu huchota maji humo. Tulitia oili ya bei nafuu, tukazungusha injini kwa mkono, tukamwaga tena. Tulirudia hadi ikatoka na rangi ya oili. Tanki nalo tulilitoa maji, kwa kuwa katika petroli pia maji huzama chini, na ndiko bomba linakovutia. Stata na alteneta tulizifungua, tukazisafisha kwa brashi na kuzianika juani siku mbili. Kisanduku cha kompyuta ya injini, kwa bahati, kilikuwa kikavu.

Wakati huo huo alikuja mnunuzi wa chuma chakavu. Baada ya mafuriko watu wa kazi hiyo walipita kila mtaa. Alilizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akataja bei. Ilikuwa bei ya mabati na chuma, lakini ilikuwa fedha taslimu, na jikoni kwetu hakukuwa na ukuta. Alisema angerudi Jumamosi. Mama alitaka tuuze. Sikumlaumu, ukuta unauona, lakini hali ya silinda huioni. Baba alisema, "Tupime kwanza, kisha tutaamua."

Kupima huko ni kupima mgandamizo, yaani nguvu ambayo kila silinda inaweza kubana hewa. Gereji moja ya Mahoko ilituazima kipimo. Tulirudisha betri, tukatoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukachomoa waya wa koili ili moto usiruke, tukaacha plagi zote nje. Baba alikanyaga pedali ya mafuta hadi chini, akazungusha stata, na mimi nikasoma mshale. Silinda ya kwanza: bar 10.8. Ya pili: 11. Ya tatu, ile iliyokunywa maji: 10.2. Ya nne: 10.9.

Nilifungua kitabu cha ufundi cha gari hilo. Kitabu kinasema injini nzima hutoa karibu bar 13, na kwamba isishuke chini ya bar 10. Nilihisi kifua kikibana. Kwa kufuata kitabu, silinda zote nne zilikuwa zimezeeka sana, na ya tatu ilikuwa mlangoni pa kaburi. Mama alinitazama usoni na kujua. Alisema, "Basi Jumamosi aje."

Usiku ule sikulala haraka. Jambo moja lilinisumbua: silinda tatu ambazo hazikuingia maji zilikuwa nazo zimeshuka, tena zote kwa kiasi kilekile. Uzee haugawi sawasawa hivyo. Wakati wa uzee moja hushuka sana, nyingine kidogo. Kinachozishusha zote pamoja lazima kiwe kitu ambacho zote wanakishiriki, na kitu wanachokishiriki ni hewa.

Kitabu kile hakikuandikwa Nyundo. Sisi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa inayotuzunguka ni takriban asilimia 83 ya ule wa pwani. Silinda hubana hewa inayopewa. Ikipewa hewa nyepesi, hubana kidogo. Nilichukua kalamu: 13 mara 0.83 ni karibu 10.8. Injini ya baba haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inaishi mlimani, kama sisi.

Asubuhi niliwaeleza. Baba alinitaka nirudie hesabu mara mbili. Mzee hakuhitaji hesabu. Alisema kwamba Goma pia magari hupimwa hivyo, fundi huangalia kama namba zinafanana, hafukuzani na namba ya kitabu. Kitabu chenyewe kinakubali: tofauti kati ya silinda isizidi bar 1. Yetu kubwa zaidi ilikuwa 0.8. Kwa silinda ya tatu tulifanya jaribio moja la ziada. Tulitia kijiko cha oili katika tundu la plagi, tukapima tena. Mshale ulipanda hadi 10.9. Kama vali ndizo zingekuwa zinavuja, oili isingesaidia kitu. Kwa kuwa ilipanda, udhaifu ulikuwa katika ringi, na ringi zilizoshikwa na uchafu kidogo huweza kuachia injini ikianza kufanya kazi.

Jumamosi mnunuzi alipofika, Carina ilikuwa inanguruma uani huku ikitoa moshi mweupe wa mvuke na kutema maji kutoka kwenye ekzosi. Baba alimkaribisha chai.

Kazi haikuisha hapo. Plagi zilihitaji kubadilishwa. Tope lilikuwa limeingia nyuma ya mfuniko wa mkanda wa taimingi, na mchanga hutafuna mkanda huo polepole hadi siku ukatike barabarani. Sili ya krenki ilianza kuvuja. Mjomba wangu ni dereva wa lori anayekwenda Dar es Salaam kupitia Rusumo, na alikubali kutununulia vifaa Kariakoo. Hapo ndipo lugha ilipokuwa kifaa kama spana.

Mjomba amejifunza magari katika gereji za Rwanda, ambako majina mengi yametoka katika Kifaransa. Kwetu plagi ya injini huitwa buji, na buji hiyo hiyo kwa Kinyarwanda ni mshumaa, kwa kuwa Kifaransa nacho hutumia neno moja kwa vyote viwili. Mwenye duka hakumwelewa, basi Mjomba akanipa simu.

"Dada, huyu ndugu anataka buji. Buji ndiyo nini?"

"Plagi, kaka. Plagi nne za 4A-FE."

"Aaa, plagi! Hizo zipo. Kingine?"

"Mkanda wa taimingi, filta ya oili, na sili ya krenki, ya mbele."

"Sawa. Wewe ni fundi?"

"Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili."

Alicheka sana, lakini vifaa vilivyofika Nyundo vilikuwa sahihi vyote, na kwa umbali ule kifaa kisicho sahihi kingekuwa hasara ya mwezi mzima.

Tangu siku hiyo nina daftari lenye safu tatu. Ya kwanza ni maneno ya gereji za kwetu, ya pili ni ya Mzee kutoka Goma, ya tatu ni ya Tanzania. Demareri ni stata. Segma ni ringi. Turnevisi ni bisibisi. Radiateri ni rejeta. Lisansi ni petroli. Kufanya vidanje ni kumwaga oili. Neno "mafuta" nimeliwekea alama nyekundu, kwa kuwa mtu akisema gari limeisha mafuta, lazima umuulize: ya kuendeshea au ya kulainisha? La kwanza likiisha unatembea kwa miguu hadi kituo. La pili likiisha umepoteza injini.

Kiswahili kilikuwa lugha rasmi nchini kwetu mwaka 2017, na wanafunzi wenzangu wengi hufikiri kwamba kazi iliyobaki ni ya ofisini na darasani. Mimi naona kazi nyingine imelala uani, mikono ikiwa na oili. Fundi wa Goma, dereva wa Rusumo na mwenye duka wa Kariakoo wote husema Kiswahili, lakini wanapofika kwenye silinda kila mmoja huingia chumba chake. Si lazima tuwafundishe kusema kwa namna moja. Inatosha mtu aandike maneno yao yote kwenye ukurasa mmoja.

Carina bado inabeba vitunguu. Baada ya mwezi mmoja wa kazi tulipima tena na silinda ya tatu ilisoma 10.7. Oili tunabadilisha kila kilomita 5,000, na nasoma rangi yake kila Jumapili. Mfuniko wa rejeta nauangalia kwa makini, kwa kuwa katika mwinuko wetu maji ya wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100, na ni shinikizo la mfuniko huo linaloyazuia yasichemke gari linapopanda mlima kuelekea Musanze. Injini ikiwa ya moto hatuufungui kamwe.

Katika daftari langu kuna mstari mmoja ambao sikuujaza kwa njia ya kawaida. Nilitafuta jina la kile kinachotokea maji yanapoingia kwenye silinda na pistoni ikakosa pa kwenda. Nilipata istilahi ndefu ambazo fundi hawezi kuzipigia kelele kutoka barabarani wakati mtu ameshika funguo. Mwishowe, katika safu zote tatu, niliandika maneno ya Mzee: injini imekunywa maji.